Aliyemeza pipi za unga asiruhusiwe kwa kuwa anaonekana mzima

Wiki iliyopita daktari kijana anayefanya kazi katika mji wetu mmoja wa mpakani aliniandikia swali. Polisi wamemletea mtu anayeshukiwa kumeza pipi za heroini, yaani vifurushi vidogo vya dawa za kulevya vinavyosafirishwa tumboni, hana dalili yoyote, kipimo cha mkojo hakikuonyesha kitu, nao wanataka kurudi naye kituoni usiku huo huo. Je, amruhusu? Nilimjibu kuwa asithubutu, na hapa naeleza kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu ya usiku katika hospitali moja ya wilaya ya Wakiso, tuliletewa abiria aliyekamatwa uwanja wa ndege. Alipumua vizuri, mapigo ya moyo yalikuwa ya kawaida, akaniambia kwa upole, "Musawo (daktari), mimi ni mzima, niache niende zangu." Mkojo wake nao ulikuwa safi, jambo lisilopaswa kumtuliza mtu yeyote, kwa sababu pipi iliyofungwa vizuri haitoi kitu mpaka ianze kuvuja. Picha ya eksirei ilionyesha vivuli ambavyo mkubwa wangu aliviita kinyesi. Nilipoomba picha ya CT, eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, ambayo huziona pipi nyingi zinazoikwepa eksirei, niliambiwa mbele ya wauguzi kwamba nataka kuifilisi hospitali. Nilikataa kutia saini ya kumruhusu, na ni kwa sababu hiyo tu alilala wodini.

Alfajiri muuguzi aliniita mbio. Mgonjwa alikuwa haamki, anapumua kwa kusuasua, na mboni zake zimesinyaa kama ncha ya sindano. Tulimsaidia kupumua, tukampa naloksoni, dawa ya kuizimua heroini, akafumbua macho. Kabla saa moja haijapita alikuwa amezama tena, kwa kuwa nguvu ya naloksoni huisha upesi ilhali heroini inaendelea kuvuja tumboni. Tukamwekea dripu ya naloksoni, naye akapona. Katika kikao cha asubuhi pongezi zilikwenda kwa yule yule aliyeona kinyesi. Sitadanganya, jambo hilo linaniuma hadi leo.

Siku zilizofuata zilikuwa za kusubiri choo tu.

Ninyi mnaotaka kuwa madaktari wa dharura wa kweli, jueni kwamba kokeini ni balaa jingine, kwani haina dawa ya kuizimua. Aliyeimeza akianza kutetemeka, kuchemka mwili au kupata degedege, mpe diazepamu, dawa ya kutuliza na kuzuia degedege, mpoze mwili, epuka dawa za kundi la beta-bloka, zile za kupunguza mapigo ya moyo, na umwite mpasuaji saa hiyo hiyo, maana pipi iliyopasuka haingoji. Utumbo ukiziba au ukitoboka pia ni kazi ya mpasuaji. Usijaribu kuzivuta pipi kwa endoskopi, ule mrija wenye kamera unaoingizwa tumboni, zinaweza kupasukia humo ndani, wala usimpe mafuta ya parafini, kwa kuwa mafuta huidhoofisha mipira iliyozifunga. Asiye na dalili hupewa maji ya poliethilini glaikoli ya kusafisha utumbo, mahali yanapopatikana. Na kumbuka kwamba wengi wa hawa punda, yaani wabebaji wa dawa za kulevya, hunywa dawa ya kufunga choo kabla ya safari, kwa hiyo uvumilivu ni sehemu ya tiba. Mwanamke apimwe ujauzito kabla ya picha.

Muulize amemeza ngapi, lakini usiiamini hesabu yake peke yake. Aruhusiwe baada ya kupata choo kisicho na pipi mara mbili au tatu, na picha ya CT ionyeshe utumbo mtupu. Yule anayemeza kete, yaani vipakiti vidogo vya unga, kwa hofu baada ya kuona askari ana chache, ila zimefungwa ovyo na huweza kuvuja ndani ya saa chache, kwa hiyo naye usimdharau.

Tena nasema, usimruhusu kwa kushinikizwa. Yule ni mgonjwa wako kwanza, na akiogopa kwamba kila neno lake linakwenda kituoni hatakuambia amemeza nini. Askari akae mlangoni, mahojiano yasubiri, na wewe uandike kwenye faili, kwa saa na jina, ni nani aliyeomba mgonjwa atolewe na ni kwa nini ulikataa. Mimi sikuandika jina la mtu usiku ule, ndiyo maana kikaoni sikuwa na karatasi ya kuonyesha.