Mapigo ya mkono kupotea baada ya kipimo cha moyo: kwa nini mshipa unaziba?

Mleta mada, pole kwa kuuguza. Unasema mama alipimwa mishipa ya moyo kupitia mkono wa kulia, sasa ni wiki ya pili na daktari hasikii mapigo kwenye kifundo cha mkono, nawe unaogopa mkono usije ukakatwa. Mimi ni muuguzi wa chumba cha katheta (kunakopitishwa mrija kwenye mshipa hadi moyoni), nitajibu kwa ninayoyaona kazini.

Kiganja kina ateri mbili (mishipa inayoleta damu), radiali upande wa dole gumba na alna upande wa kidole kidogo, nazo zinaungana humo kiganjani. Ya kwanza ikiziba, ya pili hubeba mzigo, ndiyo maana wagonjwa wengi hata hawajui kama imeziba. Suala la kukatwa mkono liondoe kichwani. Ila ukiona mkono umekuwa wa baridi, umepauka, una ganzi au unauma sana, usingoje siku ya kliniki, mpeleke siku hiyohiyo.

Kinachoponza kwanza ni ukubwa wa mrija unaoingizwa kwenye ateri. Namba 6, tunaoutumia sana, una unene wa nje wa kama milimita 2.5, na akina mama wengi ateri yao haifiki hapo. Mrija ukiuzidi mshipa, unachubua ukuta wa ndani na damu inaganda palepale. Kwa hiyo wanawake, watu wembamba, wenye kisukari, wavutaji sigara na waliowahi kupitishiwa mkono huohuo ndio tunaowaangalia kwa jicho la pili. Kuna pia heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kawaida ni uniti 5,000 hivi, au 50 kwa kila kilo ya uzito. Wapo wanaopunguza dozi kwa kuogopa damu kuvuja, na mshipa unaziba kwa sababu hiyohiyo.

Lakini mimi ninayegombana nayo kila siku ni bangili, ile ya plastiki yenye mfuko wa hewa, inayobana tundu la mkononi damu isitoke. Tunaijaza kwa sirinji, tunachomoa mrija, kisha tunatoa hewa taratibu mpaka damu ichungulie kwenye tundu, halafu tunarudisha mililita 1 au 2 tu. Baada ya hapo naweka kipimo cha oksijeni kwenye dole gumba na kubana alna kwa kidole changu. Mawimbi yakiendelea kwenye skrini, radiali inapitisha damu. Yakilala, nimekaza mno, napunguza tena. Utafiti wa PROPHET wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kubana kwa namna hii kulishusha walioziba ndani ya saa 24 kutoka asilimia 12 hadi 5. Sasa mgonjwa akifika wodini, zamu imeelemewa, bangili inakaa imekaza saa na saa. Na ndugu nao (msinichukie) wakiona tone moja la damu wanataka iongezwe hewa!

Mdau hapo juu anasema bora mrija wangeupitisha kinenani. Sikubaliani naye. Damu ikivuja kinenani inaweza kuingia ndani ya tumbo bila mtu kuona, na hilo linaua. Mkononi unaiona na unaibana.

Kwa mama, omba apigwe Dopla (ultrasaundi inayoonyesha damu inavyopita kwenye mshipa). Vidole vinaweza kudanganya, kwa kuwa damu ya alna huzunguka na kuleta mapigo hata radiali ikiwa imeziba. Ingegundulika saa zilezile, kuibana alna kwa saa moja hivi huweza kuufungua mshipa. Kwa wiki ya pili, daktari ndiye ataamua kama atampa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa muda au atangoja, maana mingine hufunguka yenyewe. Tafadhali usimnunulie dawa hizo duka la dawa. Kama aliwekewa stenti (kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo), tayari anatumia aspirini na klopidogreli, ukiongeza ya tatu kienyeji atavuja damu, na hizo mbili usithubutu kumwachisha.

Swali la kurudi nalo kliniki ni la figo. Mama akiwa na kisukari na figo zimeanza kulegea, siku moja huenda akahitaji kuunganishiwa mshipa wa dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine), na mara nyingi radiali ndiyo inayotumika. Basi kabla hawajamchoma tena, wajulishwe mkono wa kulia umeshaziba na waulizwe kama wa kushoto unaweza kuachwa.