Picha ya simu haitoshi kugundua jino lililooza
Ndugu, umeuliza kama akili mnemba (AI) inaweza kugundua jino lililooza kwa picha ya simu uliyopiga ukiwa Tukuyu, usisafiri kwenda kupiga eksirei Mbeya mjini. Hapana, picha hiyo haikuepushi na safari. Simu inaona uso wa jino tu. Tundu linaloanzia pale meno mawili yanapogusana hailioni. Akili mnemba inasaidia kwenye eksirei ndogo ile ya kung'ata (unang'ata kishikio chake mdomoni wakati wa kupigwa picha): inaweka alama penye kivuli cheusi. Ila kivuli hakitokei mpaka kama 30–40% ya madini ya sehemu ile iwe imepotea, kwa hiyo uozo mchanga unaipita. Mashine ikielekezwa kombo, meno yakapandana kwenye picha, ndiyo kabisa haioni uozo. Na shingoni mwa jino, karibu na ufizi, akili mnemba huwa inadhani kivuli cheusi cha kawaida ni uozo, hivyo daktari akague kwa kioo kabla ya kutoboa.