Usiniulize Kadi Gani, Niambie Una Kasha Gani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Kaka, habari za kazi. Nina laki tisa, nataka kompyuta ya gemu, nicheze GTA V na FC, ile ya mpira, na washkaji. Ninunue kadi gani?" Meseji za namna hii napata nyingi. Ukizisoma unamwona kabisa mtu aliyekesha akitazama video, anazijua kadi zote kwa majina, ila hajajiuliza hiyo kadi ataichomeka wapi.

Mdogo wangu, kadi ya grafiki, kile kipande kinachochora picha za gemu, inachaguliwa mwisho. Tena kwa laki tisa wewe huchagui kitu, kasha, lile boksi la kompyuta, ndilo linakuchagulia, likisaidiana na pawa saplai iliyomo ndani yake, inayogawa umeme. Ngoja nikueleze nilivyofanya mimi, maana mashine ninayoandikia hapa ndiyo hiyo hiyo, na inanichezesha vizuri tu wakati wengine tulioanza pamoja wamerudi kwenye simu.

Habari ya kudunduliza hela nairuka, kila mtu anaijua. Nilipokuwa nayo mkononi, mawazo yangu yote yalikuwa kujenga kitu kipya. Nilikuwa nimemwona Ryzen 5 5600, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya 2022 yenye kori sita, yaani sehemu sita za kufanyia kazi, inayokaa kwenye mazabodi (bodi kuu) zenye tundu la AM4 ambazo ziko nyingi na bei yake si ya kutisha. Nikapiga hesabu: prosesa, mazabodi, ram (kumbukumbu ya muda), SSD (diski ya kasi), pawa saplai ya maana, kasha. Hela ikaisha na kadi sijaigusa. Na 5600 haina grafiki yake yenyewe, kwa hiyo bila kadi monita haioneshi chochote. Hata upande wa Intel, ukiona jina la prosesa linaishia na herufi F, mfano i5-12400F, ujue nayo haina. Unaweza kujikuta na mashine mpya kabisa, inawaka, feni zinazunguka, na huoni hata saa.

Nikageukia kompyuta za ofisi. Nazungumzia zile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre ambazo ofisi za nje zikibadilisha vifaa, zinapakiwa kwenye makontena na kuja kwetu. Kariakoo zimejaa. Wauzaji wengi wanazipangia bei kwa kuangalia prosesa na ram tu, wakati kwa mcheza gemu jambo la kwanza ni umbo. Kuna mnara, kuna nyembamba inayoitwa SFF, na kuna ile ndogo kabisa, Micro. Micro haipokei kadi, usipoteze muda nayo. SFF inapokea kadi fupi tu, zile za nusu kimo, ambazo ni adimu na bei yake inaudhi. Mnara unapokea kadi ya kimo cha kawaida. Nilichukua mnara.

Prosesa nilichukua i5-8500, kizazi cha nane, ya 2018, kori sita. Muuzaji alikuwa na i5-6500, kizazi cha sita, kwa bei ya chini na alinisukumia kweli kweli. Nilikataa kwa sababu ile ina kori nne tu, na kwa sababu Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha nane. Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiona mtu anakuuzia kizazi cha sita leo kwa maneno matamu, ujue anajua anachokimbia.

Washkaji walicheka. Nilipewa jina la "mhasibu", eti nimenunua kompyuta ya mhasibu. Mmoja aliipiga picha akaiweka kwenye grupu na maneno kwamba lori la mizigo limeingia kwenye mashindano ya mbio. Ilikuwa utani, najua. Ila picha ile ninayo mpaka leo.

Haya, fungua ubavu wa OptiPlex. Pawa saplai yake ni ya wati 260, na plagi inayokwenda kwenye mazabodi si ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo huwezi kwenda dukani ukanunua nyingine yoyote ukachomeka. Waya wa ziada wa kulisha kadi haupo. Kadi itakula umeme wa kwenye tundu inamochomekwa, linaloitwa PCIe, peke yake, na tundu hilo linatoa wati 75, basi. Kadi ya RX 580 wanayoiimba wote inataka wati 185 na waya wake. Hiyo imeshajiondoa yenyewe.

Zinazobaki ni chache. GTX 1050 Ti ya 2016. GTX 1650 ya 2019. RX 6400 ya 2022. RTX 3050, ile ya 6GB iliyotoka 2024, inayotumia wati 70. Umeona kasha linavyochagua?

Hiyo 3050 ndiyo kali kuliko zote hapo, ila bei yake ilinizidi. RX 6400 ina ujanja mbaya ndani yake: inatumia njia nne tu za kupitishia data kwenye tundu la PCIe. Kwenye mazabodi mpya huoni shida, lakini kwenye mashine ya 2018 yenye PCIe 3.0, toleo la zamani, inapunguza mwendo, na watu wanaishia kulaumu kadi. 1050 Ti nayo umri umeisha. Nvidia walitoa draiva (programu inayoiendesha kadi) ya mwisho ya gemu kwa familia yake mwishoni mwa 2025, na sasa kilichobaki ni marekebisho ya usalama tu. Ikabaki GTX 1650. Lakini uitazame kwa juu kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya makampuni yaliitengeneza ikiwa na tundu la waya wa pini sita. Hiyo mnara wako hautaiwasha.

Kuipata ndiko kulikonipa kisa ambacho bado kinanichoma.

Duka moja, sitalitaja, walinitolea kadi ndani ya boksi safi: "GTX 1050 Ti, 4GB, mpya." Bei ilikuwa chini mno. Nikaigeuza kuangalia matundu ya nyuma, nikaona tundu la VGA, lile la bluu la monita za zamani. Nikajua. 1050 Ti halisi haina VGA, Nvidia waliiondoa kwenye familia ile nzima. Yenye VGA kwa kawaida ni GTS 450 au GTX 550 Ti, kadi za 2010 na 2011, zimebadilishwa BIOS, programu iliyomo ndani ya kadi, ili Windows izisome kwa jina la uongo. Zimechakachuliwa. Ukiiweka, jina utaliona zuri, gemu ikianza inaganda au mashine inajizima.

Sikumwita mtu mwizi. Nilikuwa na flashi mfukoni yenye GPU-Z, programu ndogo ya bure ambayo tangu 2018 inazitambua kadi hizo na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Nikamwomba kwa adabu aichomeke kwenye mashine yake ya dukani tuitazame pamoja. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Mwenye hela hajaribu, ananunua. Kama unaogopa, nenda kacheze gemu ya nyoka kwenye simu." Watu wakacheka. Na wenzangu niliokwenda nao wakacheka pamoja naye.

Nilitoka pale uso umenishuka. Uhakika nilikuwa nao, na bado nilijisikia mdogo. Wangapi kwa aibu ile ile wametoa hela ili tu waonekane wanazo? Muuzaji wa namna ile hategemei ujinga wako, anategemea aibu yako. Akiona umevaa vizuri na umekuja na rafiki, ameshakupata.

Mwisho niliipata GTX 1650 kwa mwanafunzi mmoja aliyekuwa anahamia kwenye laptopu. Nilimfuata kwake, akaiwasha mbele yangu, tukaendesha FurMark, programu ya kuikamua kadi nguvu zake zote, dakika 15 huku tukipiga stori. Nilitazama joto, nikasikiliza feni, nikatazama kama kuna madoa kwenye picha. Safi. Nikalipa. Hakuna aliyemdhalilisha mwenzake.

Nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba monita yangu ilikuwa ya zamani na tundu lake ni VGA tu. Tundu lile lile lililoniokoa! Nilinunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kile chenye chipu ndani, si waya mtupu wa bei ya maji ambao haufanyi kazi. Mnaonunua mashine kwanza na kukumbuka monita baadaye, lihesabuni hilo.

Ram ilikuwa kipande kimoja cha 8GB. Niliongeza cha pili kinachofanana nacho. Vipande viwili prosesa inavisoma kwa pamoja, na kwenye gemu tofauti unaiona, hasa ule mkwamo wa ghafla unapoingia sehemu yenye watu wengi. Hadi diski nikaibadilisha kwa SSD. Sasa GTA V inakwenda zaidi ya fremu 60 kwa sekunde kwenye 1080p, mipangilio mingi ikiwa juu. FC hainisumbui. Gemu mpya nzito nashusha mipangilio, kwa sababu kadi ina 4GB na 4GB leo ni kidogo, sidanganyi mtu. Ila naicheza, na ijumaa jioni wanaojaa sebuleni kwangu ni wale wale wa kwenye grupu. Sijawauliza kuhusu lori.

Mmoja wao alijenga ya kwake. Kasha la kioo, taa za rangi zote, feni mbele, nyuma, juu. Kadi ilikuwa RX 580, ile iliyoandikwa 2048SP, ambayo ukweli wake ni RX 570 iliyopewa jina jipya kwa soko la China: kori 2048 badala ya 2304. Hilo lingesameheka. Pawa saplai ilikuwa ya jina ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada, imeandikwa wati 600, nyepesi mpaka nikamuuliza kama kuna kitu ndani. Umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, tukasikia mlio. Pawa saplai ilikufa na mazabodi ikaifuata. Siwezi kusema nilifurahi. Siwezi kusema pia kwamba sikukumbuka picha ile.

Kwa hiyo nawaambia, na nitarudia mpaka mnichoke: kasha kwanza, pawa saplai pili, kadi mwisho. Kama unajenga kwa vipande, usisome namba kubwa iliyo mbele ya boksi la pawa saplai. Geuza, tafuta jedwali la pembeni, tazama mstari wa volti 12 una ampea ngapi, zidisha kwa 12. Ukikuta ampea 25, hiyo ni wati 300, hata kama mbele wameandika 600. Tafuta nembo ya 80 Plus, ya kutopoteza umeme, na ujue nayo inaghushiwa, kwa hiyo jina la kampuni lina uzito wake. Wati 450 za kweli zinatosha kabisa kwa kadi ya RX 6600, inayotumia wati 132. Halafu weka UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, hata ndogo, upate nafasi ya kuzima kwa utaratibu. Taa za rangi haziongezi fremu hata moja. Vijana wenzangu tumekuwa watu wa kununua kitakachopigwa picha, tukabakiza shilingi ya mwisho kwa kitu kinacholinda vyote. Ni tabia hiyo hiyo inayotufanya tuone aibu kuomba kadi ijaribiwe. Jaribu. Omba ijaribiwe. Wakikataa ondoka, hata wakicheka.

Kadi zilizochimba sarafu za kidijitali nazo ziulizie. Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, iliacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, na nyingi za kazi ile zikamwagwa sokoni. Si zote mbovu. Ila feni zimezunguka mchana na usiku, na nyingine zilibadilishwa BIOS, kwa hiyo FurMark yako usiiache nyumbani.

Jambo la mwisho ni ram, na hili ni la haraka. Tangu mwishoni mwa 2025 bei yake imepanda vibaya duniani kote, kwa kuwa viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Desemba ile Micron, watengenezaji wa chipu za ram, wakatangaza kuachana na Crucial, jina ambalo wengi wetu tulikuwa tunalinunua. Ukipata mnara wa ofisi wenye 16GB ndani, muuzaji akakuambia atakupunguzia bei akibaki na kipande kimoja, kataa. Kipunguzo anachokupa hakitakurudishia ram hiyo. Na kabla hujatoka dukani ingia kwenye BIOS ya mashine, mipangilio yake ya msingi, uhakikishe haina nenosiri la ofisi ilikotoka, maana gemu kama Valorant kwenye Windows 11 inadai Secure Boot na TPM 2.0, vile vya ulinzi wa mashine, viwe vimewashwa, na usipoweza kuingia humo hutaviwasha.