Mwanangu, usimfukuze kwa neno la mdomo

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama unaweza kumwambia yule binti anayehudumia wateja katika restora yako asirudi tena kesho, kwa kuwa ulimchukua kama mtu wa siku kwa siku na hamkusaini karatasi. Huwezi. Nimeandika barua za kuachisha watu kazi kwa miaka mingi, nakuomba unisikilize.

Sheria ya Kazi ya hapa kwetu Kongo (DRC), ya mwaka 2002, inasema kibarua wa siku kwa siku akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Huyu amebeba sahani zako za bukari (ugali) miaka mitatu. Mkataba anao.

Kwa hiyo barua ni lazima, na sababu iandikwe ndani yake waziwazi. Sheria inakubali sababu zinazohusu uwezo wake, mwenendo wake kazini, au mahitaji ya biashara yenyewe. "Ana kiburi," ulivyoniambia, ni sababu isiyoweza kusimama mbele ya inspekta wa kazi pale Lubumbashi. Andika kilichotokea: tarehe gani alichelewa, alipaswa kufika saa ngapi, akafika saa ngapi, ulimpa onyo gani kwa maandishi. Kama hujawahi kumwandikia onyo, basi anza na onyo, barua ya kumwachisha iache kwanza.

Na ile mimba uliyoitaja mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, isiingie katika uamuzi wako hata kidogo. Sheria inakataa mimba kuwa sababu, na mimi mama yako naikataa pia. Umemwuliza kwa nini anachelewa asubuhi? Mwulize, tena kwa upole.

Usikimbilie kuandika "faute lourde", yaani kosa zito, ili ukwepe preavi, ule muda wa taarifa kabla ya kumwachisha. Kosa zito ni jambo la kuthibitisha, na barua yake inapaswa kutoka ndani ya siku 15 za kazi tangu ulipojua. Kuchelewa kwa mwezi wa tatu huwezi kukufufua leo.

Preavi yake ni siku 14 za kazi, na siku 7 kwa kila mwaka kamili: kwake ni 35. Zinaanza kesho yake baada ya kupokea barua, kwa hiyo asaini nakala na kuweka tarehe. Akikataa, mkabidhi mbele ya mashahidi. Usimpe akiwa likizoni.

Kazi ikiisha, mlipe haki zake zote ndani ya siku mbili za kazi, pamoja na cheti kinachoeleza alifanya kazi gani, tangu lini hadi lini. Usiongeze neno la kumchafua.

Mahakama ikiona hukuwa na sababu halali, inaweza kuamuru umrudishe kazini au umlipe fidia, nayo inaweza kufika mishahara ya miezi 36. Restora yako haitabeba mzigo huo.

Usisaini chochote wiki hii. Nitumie picha za maonyo yote uliyomwandikia, kama yapo, tuyasome pamoja.

Mama yako