Usimruhusu apulize povu kabla hujalichana paa

Mwambie fundi wako asubiri. Umeandika kwamba paa lako bapa la zege linavuja kwenye pembe mbili, kwamba mvua ilikoma juzi na kwamba keshokutwa anakuja na mashine ya povu la kupuliza, lile linalovimba na kuganda juu ya paa kuwa tabaka la kuzuia maji. Unauliza unene unaofaa, kitu cha kupaka juu yake, miaka ambayo kazi itadumu, na kama unaweza kununua makopo ukapuliza mwenyewe. Katika maswali yote hayo hukuuliza lile ambalo mimi pia sikuliuliza: je, paa lenyewe ni kavu?

Paa langu lilikuwa kama lako, yaani bamba la zege, juu yake tabaka la saruji la kutengenezea mwinamo, na juu kabisa karatasi za lami za zamani zilizopasuka hapa na pale. Fundi alipanda siku mbili baada ya mvua, akaweka kiganja juu ya lami, akatangaza kwamba ni kavu. Nami, nikiwa na uso wa mtu anayeelewa mambo, niliweka kiganja changu palepale nikakubaliana naye. Ilikuwa kavu kweli, kama mfuniko wa sufuria unavyoweza kuwa mkavu kwa nje huku maji yanachemka ndani. Maji yaliyokuwa yakipenya kwenye nyufa kwa miaka yalikuwa yametulia ndani ya ile saruji, chini ya lami, na siku ile tulilipa fedha nzuri ili kuyafungia humo.

Nilipouliza kuhusu nyufa chache zilizokuwa bado na unyevu, alinijibu kwamba povu hunywa maji yaliyobaki na kukaza zaidi. Sentensi hiyo bado inanikera, kwa sababu ina chembe ya ukweli iliyookotwa mahali pengine. Povu la kopo, lile la kuziba mianya ya fremu za milango, ndilo linalokauka kwa msaada wa unyevu, na ndiyo maana maelekezo yake hukuambia ulowanishe kidogo sehemu unayoiziba. (Kwa hiyo makopo uliyoyataja yaache, hayakutengenezwa kufunika paa.) Povu la mashine ni jambo jingine kabisa. Vimiminika viwili, isosianeti na polioli, hukutana kwenye bunduki vikiwa vimepashwa moto, na ndani ya sekunde chache mchanganyiko huo huvimba takriban mara 30. Isosianeti ikikuta maji juu ya paa huacha kazi yake na kuanza kutengeneza gesi ya kaboni dayoksaidi, hivyo upande wa chini wa povu unajaa matundu na haushiki. Mtu anayeishi kwa kazi hiyo alipaswa kulijua jambo hilo kabla ya kujua bei yake.

Kwa miezi michache nilijisifu. Kisha msimu wa joto ukafika, na paa likaanza kutoa malengelenge, kwanza kandokando ya zile nyufa, halafu kila mahali, mpaka likafanana na mgonjwa wa tetekuwanga. Ukikanyaga lengelenge unasikia mlio wa uwazi. Nilichana moja kwa kisu, na maji yakatoka. Hapo mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki kadhaa. Iliponyesha, ule uvujaji wa sebuleni ulikuwa umekwisha kweli, ila sasa maji yalidondoka katika chumba cha watoto, mita nne kutoka pale pa zamani, kwa kuwa maji yaliyofungiwa hutambaa pembeni yakitafuta ufa wa chini, na povu lilikuwa limefunika kila alama ambayo ingenionyesha yanakoingilia. Povu likishakauka haliyeyushwi kwa kimiminika cha dukani. Hukatwa kwa visu na kukwanguliwa kipande kwa kipande, likiondoka pamoja na lami yake. Kubandua kulinigharimu zaidi ya kupuliza. Fundi alikuwa ameshabadilisha namba ya simu, na pengine ni heri kwetu sote wawili.

Kwa hiyo, kabla mashine haijawashwa, chana lami katika sehemu tano au sita, hasa zile za chini na za karibu na mabomba ya kutolea maji, ufike mpaka kwenye saruji. Ukiona weusi wa unyevu mahali pamoja, ondoa eneo hilo lote. Ukiuona kila ulipochana, lami yote iondoke, hata kama moyo unauma. Zege likishakuwa wazi, bandika juu yake vipande vya nailoni angavu vya karibu nusu mita kila upande, uvizibe kingo zote kwa utepe, uviache angalau saa 16. Ukivifunua ukakuta matone upande wa chini, au zege limekuwa jeusi kuliko pembeni, unasubiri na kurudia. Mimi nilirudia kwa wiki tatu, huku fundi wa pili akinitazama kama mtu aliyeoa nailoni.

Kuhusu kitu cha kupaka juu, usikubali kuambiwa kwamba ngozi ya povu inatosha. Jua huliunguza, langu liliachwa wazi, likageuka rangi ya chungwa na kuanza kutoa unga. Lipakwe mpako wa kulikinga ndani ya siku moja hadi tatu baada ya kupulizwa. Kama kuna mahali maji hutuama, mpako wa akriliki hautavumilia, wa silikoni unavumilia zaidi, ingawa dimbwi linalobaki baada ya saa 48 linadai mwinamo urekebishwe kwanza. Na siku ya kupuliza isiwe ya upepo, la sivyo gari la jirani litapata vipele visivyooshwa. Nalisema hili kwa kuwa jirani yangu bado ananisalimu kwa ufupi.

Leo jioni panda na kisu, uchane pale karibu na bomba la maji kwanza, kisha utuandikie ulichokiona kabla hujampa yeyote malipo ya awali.