Mtihani wa uhasibu na saa zako chache: maswali na majibu

Barua nyingi za wiki hizi zinatoka kwa watu walioajiriwa, wenye familia, na wenye mtihani mbele yao. Nimechagua nne.

*Shikamoo dada. Nafanya kazi benki, maeneo ya Posta mjini Dar es Salaam, naishi Mbagala. Natoka saa 11:30 alfajiri, narudi saa 2 usiku. Nimejiandikisha karatasi tatu za Desemba za ACCA, ile mitihani ya kimataifa ya uhasibu, na zimebaki wiki 9. Nipangeje?*

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya ratiba, hesabu saa ulizonazo kweli, si unazozitamani. Ukiamka saa 10 alfajiri unapata saa moja nzima. Usiku umechoka, andika nusu saa. Siku tano ni saa 7 na nusu. Ongeza Jumamosi saa 4 na Jumapili saa 2, unafika 13 na nusu kwa wiki. Katika wiki 9, toa moja kabisa, kwa sababu kutakuwa na msiba, harusi, au kufunga hesabu za mwezi. Zimebaki saa 108.

Ukizigawa kwa tatu ni saa 36 kila karatasi. Kwa mtu anayeanza somo upya, hizo hazitoshi, nakwambia bila kukuficha. Kwa mbili ni saa 54, hapo panasomeka. Angalia kama bado unaweza kujitoa kwenye moja. ACCA ina vikao vinne kwa mwaka, na baada ya Desemba kinafuata cha Machi. Kufaulu mbili ni bora kuliko kulipia tatu tena.

Na daladala usiidharau. Hesabu huwezi kupiga umesimama umeshika bomba, lakini kikadi kimoja mfukoni kinasomeka. Mfano IAS 37, kiwango cha kimataifa cha uhasibu, masharti matatu ya kutenga fedha za dhima (deni ambalo kiasi au tarehe yake haijajulikana kwa uhakika): wajibu wa sasa uliotokana na tukio lililopita, uwezekano mkubwa wa kulipa, na kiasi kinachokadirika kwa kuaminika. Kufika Mtongani umeshayarudia mara kumi.

*Nikisoma naelewa, lakini kwenye chumba cha mtihani muda unaniishia nikiwa na swali zima sijaligusa. Tatizo ni nini?*

Swali hili linaniuma, maana lilinigharimu karatasi. Mizania yangu ilikataa kubalansi. Nikarudi kwenye uchakavu, nikarudi kwenye wadaiwa, nikajumlisha upya, na nilipoinua macho dakika 25 zilikuwa zimekwenda. Swali la mwisho, la alama 20, niliandika mistari minne.

Karatasi ya alama 100 kwa saa 3 ina dakika 180. Kila alama ina dakika 1.8, kwa hiyo swali la alama 20 lina dakika 36, basi. Zikiisha, acha nafasi, nenda swali linalofuata, hata kama mizania imepishana. Msahihishaji hutoa alama kwa hatua zako. Ukikosea tarakimu moja juu kisha ukaitumia sawasawa huko chini, kwa kawaida unakatwa pale ulipokosea tu. Ile tofauti niliyokuwa naitafuta ilikuwa na thamani ya alama moja au mbili, nami nikaiachia alama 20.

Kwa hiyo kuanzia leo, theluthi mbili ya muda wako iwe kufanya mitihani iliyopita, saa mbele yako, kitabu kimefungwa. Kusoma tu kunakupa kuelewa. Kasi inakuja kwa mkono.

*Nina mtoto wa miezi minane. Akilala saa 3 usiku nashika kitabu, dakika kumi nimesinzia. Nikate tamaa?*

Hapana, mama. Lala naye hiyo saa 3. Amka saa 10, fanya swali moja tu kabla hajaamka. Kisha kaa na baba yake mkubaliane Jumamosi moja, saa kwa saa: nani anabeba mtoto, kuanzia lini hadi lini. “Nitakusaidia” isiyo na saa haifiki popote. Wiki ambayo mtoto ana homa, iache ipite, usiifidie kwa kukesha.

*Wenzangu wanasema CFA, ile mitihani ya wachambuzi wa uwekezaji, inataka saa 300 za kusoma. Ni kweli?*

Ni makadirio ya CFA Institute yenyewe kwa kila ngazi. Kwa saa 13 za wiki ni kama miezi mitano na nusu, kwa hiyo chagua tarehe ya mtihani baada ya kupiga hesabu hiyo. Ngazi ya kwanza ina maswali 180, sehemu mbili za maswali 90, kila sehemu saa 2 na dakika 15: sekunde 90 kwa swali. Jibu kosa halikupunguzii alama, basi usiache swali tupu. Maadili, ambayo wengi huyaacha hadi wiki ya mwisho, yanabeba asilimia 15 hadi 20. Yaanze mapema, halafu yarudie tena siku chache kabla ya kuingia.