Maswali ya Wenye Magari: Mafuta Yamepanda, Tuanzie Wapi?

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja, bei ya pampu. Hatuna dawa ya bei. Lita zinazopotea bure, hizo tunaweza kuzisaka, na ndiko tulikoelekeza majibu mengi. Tumeanza na swali lililoletwa na wengi zaidi.

Mafuta ghafi yakipanda duniani, pampu inapanda upesi. Yakishuka, wiki zinapita hatuoni kitu. Tunaibiwa? – Dereva wa teksi

Jambo unaloliona lipo, na wachumi wamelipa jina: bei hupaa kama roketi, hushuka kama unyoya. Sehemu yake ni hesabu tu. Pipa la mafuta ghafi ni lita 159 hivi, kwa hiyo ukisikia pipa ni dola 80, lita moja ya ghafi ni kama senti 50 za dola. Juu yake kuna kusafisha, meli na bima, maghala, malori, faida ya wauzaji na kodi. Kodi nyingi za mafuta ni kiasi maalumu kwa kila lita. Ghafi ishuke isishuke, zenyewe hazitikisiki. Chukua mfano ghafi ni nusu ya bei ya pampu: ikishuka asilimia 20, pampu haiwezi kushuka zaidi ya asilimia 10 hata kama kila mtu ni mwaminifu. Na kwa nchi inayoagiza mafuta kwa dola, sarafu yake ikidhoofika, nafuu hiyo inamezwa kabla meli haijatia nanga.

Sehemu nyingine si hesabu. Muuzaji akipandisha anatazama bei ya mzigo ujao, akitakiwa kushusha anatazama bei aliyolipia mzigo uliopita. Hapo malalamiko yako yana haki. Vituo vikiwa vingi vinavyogombania wateja, kuchelewa huku hupungua. Serikali ikiwa ndiyo inayotangaza bei kikomo kila mwezi, kupanda na kushuka vyote husubiri tarehe.

Wapo waliouliza pia kuhusu Aprili 20, 2020, siku mafuta ghafi ya Marekani yalipofika chini ya sifuri, dola 37 na ushei hasi kwa pipa. Ile ilikuwa bei ya mikataba ya kupokea mafuta mwezi Mei kule Cushing, Oklahoma, ambako matangi yalikuwa yanajaa na wenye mikataba hawakuwa na pa kuyaweka. Hakuna dereva aliyelipwa ili ajaziwe tangi.

Gari langu la petroli, injini ya cc 1500, nahisi linakula kuliko zamani. Fundi mmoja anasema nibadilishe plagi, wa pili nozeli, wa tatu pampu ya mafuta. Nimsikilize nani? – Mama mwenye gari dogo

Mama, usimsikilize yeyote kabla hujapima. Jaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, usiongezee matone. Andika kilomita. Endesha kama kawaida yako mpaka ibaki robo, urudi pampu ileile, ujaze vilevile. Zikiingia lita 38 na umetembea kilomita 456, gawa 456 kwa 38: gari linakwenda kilomita 12 kwa lita. Rudia mara tatu, kwa sababu tangi moja laweza kukudanganya kwa foleni au mzigo. Namba hii ina thamani kubwa: bei ikipanda asilimia 25, gari lililotolewa kilomita 8 kwa lita likafika 10 linakurudisha palepale ulipokuwa, kana kwamba bei haikupanda.

Ukishakuwa na namba, anza na visivyo na gharama. Upepo wa matairi upime yakiwa baridi, gari limekaa saa tatu au zaidi. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, wengi hujaza hiyo kwa makosa. Kila psi 1 inayopungua katika matairi yote manne hula asilimia 0.2 hivi ya mafuta. Kama kibandiko kinasema 33 na yako yana 25, unapoteza asilimia 1.6, na kingo za tairi zinaisha mapema.

Breki zinazoshika ni mwizi mkubwa zaidi na hana kelele. Tembea dakika kumi barabara tambarare bila kukanyaga breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa chuma. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, hilo ni la kuchunguza. Gari likiwa juu ya stendi, gia huru, gurudumu lizunguke kwa mkono. Mkwaruzo mdogo ni kawaida, kugoma si kawaida. Mara nyingi ni pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) zilizokauka grisi, pistoni iliyoshika kutu, au waya wa handbreki uliokazwa kupita kiasi. Kusafisha pini na kuzipaka grisi ya breki ni kazi ya saa moja. Usiache fundi apake grisi ya kawaida, kwani huvimbisha mipira.

Kisha thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ikikwama wazi, maji huzunguka kwenye rejeta tangu injini ikiwa baridi, kompyuta ya injini inaamini bado ni asubuhi, inaendelea kumimina mafuta ya ziada. Dalili yake ni mshale wa joto unaobaki chini, hasa ukiwa barabara kuu. Washa injini baridi, gusa bomba la juu la rejeta ukiwa mbali na feni: linatakiwa kubaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu lipate moto ghafla thamostati inapofunguka, kwa magari mengi kati ya nyuzi 82 na 92. Likianza kupata joto polepole tangu mwanzo, thamostati imekwama. Kuna mafundi wanaoitoa kabisa "ili gari lisichemshe". Hao ndio wanaokuongezea bili ya mafuta.

Baada ya hapo lipia mashine ya kusoma kompyuta ya gari, hata kama taa ya injini haijawaka. Mashine hutoa namba za hitilafu: P0128 inasema injini haifikii joto lake, na hiyo mara nyingi ni thamostati. P0172 ni mchanganyiko wenye mafuta mengi, P0171 wenye mafuta machache, na P0130 hadi P0135 zinahusu sensa ya oksijeni ya mbele, ile inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi wa ekzosi. Mwambie fundi akuoneshe pia masahihisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim), yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Yakiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini, tulia. Yakifika 15 hasi, kompyuta inajitahidi kupunguza mafuta yanayoingia kupita kiasi: nozeli inayovuja, presha ya mafuta iliyozidi. Yakiwa 15 chanya, inaongeza. Tafuta hewa inayopenya kwenye mpira uliopasuka, sensa ya hewa yenye vumbi, au ekzosi iliyotoboka kabla ya sensa ya oksijeni. Tundu hilo la ekzosi huingiza hewa ya nje, sensa ikadhani mafuta hayatoshi, gari likanyweshwa bila kiu. Fundi asiye na taarifa hiyo atakuuzia sensa mpya na tatizo litabaki.

Plagi zifungue uzitazame. Ncha ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi. Weusi wenye unyevu wa oili ni injini inayopitisha oili. Kichungi cha hewa kibadilishe kikichafuka, lakini usitegemee miujiza: kwenye injini ya nozeli kompyuta hupima hewa na kupunguza mafuta kulingana nayo, kwa hiyo kichungi kilichoziba huua nguvu zaidi kuliko kinavyoongeza ulaji. Kwenye injini ya kabureta hali ni tofauti, ulaji hupanda kweli.

Nanunua lita moja moja kwa ajili ya pikipiki. Kuna pampu nikinunua hapo sifiki mbali. Nitajuaje kama inapunja, au kama mafuta yamechakachuliwa? – Mwendesha pikipiki ya abiria

Hayo ni matatizo mawili. Kwanza kipimo. Kabla bomba halijaingia tangini, skrini isome sifuri. Zidisha lita kwa bei uone kama jumla inakubaliana. Tazama lakiri ya wakaguzi wa vipimo: waya uliokatika au lakiri isiyokuwepo ni sababu ya kuondoka. Kiwango cha kimataifa huruhusu pampu ikosee asilimia 0.5, yaani mililita 100 katika lita 20, na ndiyo maana wakaguzi hutumia kopo la kipimo la lita 20. Chupa ya maji haiwezi kukupa ushahidi.

Kununua lita moja moja kuna hasara yake. Pampu huandikwa kiasi kidogo kabisa ambacho inapima kwa usahihi. Chini ya hapo, upungufu mdogo wa mwanzoni, mfereji ukiwa haujajaa sawasawa, unakuwa sehemu kubwa ya ulichonunua. Mililita 30 katika lita 20 huzioni. Katika lita moja ni asilimia 3. Ukiweza, nunua mara moja kwa siku badala ya mara nne.

Uchakachuaji wa petroli mara nyingi ni mafuta ya taa. Oktani yake, yaani uwezo wa kugandamizwa bila kugonga, ni ya chini mno, kwa hiyo injini hugonga ukipanda mlima, huwaka kwa shida asubuhi, hutoa moshi. Dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe safi, mbali na moto: petroli safi hupotea ndani ya dakika chache bila kuacha kitu, likibaki doa la mafuta, kuna taa au dizeli ndani. Mwenye haidromita apime uzito: petroli huwa kati ya kilo 0.72 na 0.775 kwa lita kwenye nyuzi 15, mafuta ya taa hukaribia 0.80. Hata hivyo, kabla hujamlaumu mwenye kituo, kagua mnyororo na choki. Choki iliyobaki imevutwa nusu huiba kuliko pampu yoyote.

Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, vidonge vya tangini, mtungi wa hidrojeni: kipi kinafanya kazi? – Msomaji

Hakuna. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa vya namna hii zaidi ya 100 na halikupata kinachopunguza ulaji kwa kiasi cha maana. Mtungi wa hidrojeni hutumia umeme wa alteneta, alteneta inazungushwa na injini, injini inakula petroli.

Kwenye mteremko naweka gia huru ili kuokoa mafuta. Mwenzangu anasema nakosea. Na kiyoyozi je? – Dereva wa gari la mizigo midogo

Mwenzako yuko sahihi. Injini yenye nozeli za kompyuta, ukiachia akseleta gia ikiwa ndani, hukatiwa mafuta kabisa mpaka mizunguko ishuke karibu na 1,000 hadi 1,500 kwa dakika. Ukiweka gia huru, inabidi inywe ili isizime. Umelipa mafuta, na umepoteza msaada wa injini katika kuzuia gari mteremkoni.

Kiyoyozi kizime mjini kama joto linavumilika. Mwendo mkubwa funga vioo ukiwashe, maana vioo wazi hukamata upepo. Lakini haya ni madogo mbele ya kasi yenyewe: upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa unakaribia maradufu. Keria tupu iliyobaki juu ya paa ishushe leo.

Je, kujaza alfajiri mafuta yakiwa baridi kunaongeza lita? Na petroli ya oktani ya juu inakwenda mbali zaidi? – Msomaji

Petroli hutanuka karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja, lakini matangi ya vituo vingi yako ardhini na joto lake halibadiliki sana kati ya alfajiri na mchana. Lala. Oktani ni uwezo wa kuvumilia mgandamizo bila kugonga, si wingi wa nguvu. Kitabu cha gari kikisema 91, kuweka 95 ni kutupa fedha. Kikisema 95, kuweka 91 ni kuharibu injini taratibu.

Tukisikia bei itapanda kesho, ni sawa kujaza madumu nyumbani? – Baba wa familia

Hapana. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko au swichi. Dumu la maji au la mafuta ya kula halikutengenezwa kwa kazi hiyo, na petroli yenyewe huanza kuchakaa ndani ya miezi michache. Jaza tangi la gari, basi.

Kosa la upande wa pili ni kutembelea taa ya akiba wiki nzima kwa kungoja bei ishuke. Pampu ya umeme iliyo ndani ya tangi hupozwa na mafuta yanayoizunguka. Likibaki tupu kila siku, pampu huungua kabla ya wakati wake. Gari la dizeli likikaukiwa huvuta hewa, na gari haliwaki mpaka utoe upepo: legeza skrubu ya juu ya kichungi, piga pampu ya mkono hadi yatoke mafuta yasiyo na mapovu, kaza, ndipo upige stata, si zaidi ya sekunde 15 kwa mara moja.